Moto Ukizimika Kwenye Lundo la Mbao, Kazi ya Sheria Ndiyo Imeanza

Tangu mwaka 2024, serikali ilipoanza kutekeleza katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, mjadala wa nishati jijini Dar es Salaam umetawaliwa na bei ya gesi, upatikanaji wa majiko na hatima ya wauza mkaa. Mambo hayo yanastahili kujadiliwa, lakini yameliacha nyuma swali la mabaki ya mbao. Kwa miaka mingi mabanzi na vipande vinavyobaki katika karakana za useremala za Keko na kwingineko vilikuwa na mnunuzi wa uhakika: jiko la shule, jiko la bweni, jiko la mama lishe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034, nami ni miongoni mwa wanaotamani lengo hilo litimie. Hata hivyo, mnunuzi wa kuni anapoondoka, mabaki hayaondoki naye. Fundi ataendelea kupasua mbao, randa itaendelea kutoa maranda, na kirikuu itaendelea kubeba shehena ya jioni kuipeleka mahali. Mahali hapo patakuwa na lundo, na lundo la mbao lisilo na masharti huishia kuwaka.

Kosa ninaloliona katika fikra zetu haliko kwenye moto wenyewe, bali kwenye kinachofuata. Tumezoea kupima uwajibikaji wa mamlaka kwa mambo mawili: kama Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lilifika mapema, na kama mwenye eneo alitozwa faini. Hayo yakitimia, habari inafungwa, geti linafunguliwa, na magari yanaanza tena kumwaga. Hoja ya makala hii ni kwamba utii wa sheria katika dampo la mabaki ya mbao haupimwi siku moto unapozimika. Unapimwa katika miezi inayofuata, kwa kuangalia kama lundo limepoteza uwezo wa kuwaka tena, nani anathibitisha hivyo, na nani anagharamia uthibitisho huo. Na kwa kuwa tunaihesabu mbao kuwa taka isiyo na madhara, ni katika kipindi hicho hasa ambapo usimamizi wetu hulegea.

Hoja hii haieleweki vizuri bila kujua jinsi lundo la mbao linavyoungua, maana haliungui kama nyumba. Maranda, unga wa mbao na magome yenye unyevunyevu hujipasha joto yenyewe. Bakteria na kuvu wanaoozesha mbao hutoa joto, na kwa kuwa mbao haipitishi joto kwa urahisi, joto hilo hubaki ndani. Likifika kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi, vijidudu vingi hufa, lakini kufikia hapo mbao imeshaanza kuungana na oksijeni kikemia, na kazi hiyo haihitaji kiumbe hai. Lundo likiwa dogo, joto hutoka pembeni na mambo yanaishia hapo. Likiwa refu na pana, joto huzalishwa haraka kuliko linavyoweza kutoka, na siku moja kiini huanza kufukuta. Hakuna aliyetupa kipande cha sigara wala aliyewasha kiberiti. Moshi unapoonekana juu, huko chini kazi imeshakwenda mbali.

Wachoma mkaa wa Kisarawe na Rufiji wanaijua kanuni hii kuliko wengi wetu. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huacha matundu machache, na moto hula mbao kwa siku nyingi bila mwali kuonekana. Dampo la mbao lililofunikwa kifusi kwa haraka baada ya moto linaweza kuwa tanuri la mkaa ambalo hakuna aliyekusudia kulijenga: udongo mwembamba wenye nyufa hauzimi moto, unaupunguzia kasi tu na kuuficha. Maji nayo hayatoshi peke yake. Maji ya boza yanapomwagwa juu ya lundo hufuata njia nyepesi, yakashuka kwenye mifereji michache na kuacha mifuko mikavu pembeni. Kijiko kinapochimba ili kufikia kiini, hewa mpya inaingia na kile kilichokuwa kinafukuta kinalipuka kuwa mwali. Ndiyo maana kuzima lundo la namna hii kikamilifu ni kazi ya kufukua tabaka kwa tabaka, kutandaza, kulowesha, kupima na kutenganisha, na inahitaji nafasi, mitambo na majuma. Kuna pia hatari ambayo haisemwi sana: moto wa chini huacha mashimo yasiyoonekana, na mwendeshaji wa kijiko au muokota taka anayetembea juu ya lundo linaloonekana limepoa anaweza kudidimia katika majivu ya moto. Kwa hiyo tarehe ambayo mwali wa mwisho ulizimwa ni tarehe isiyo na maana kubwa kisheria wala kiusalama.

Mfano ulio wazi zaidi wa kile kinachotokea pale sheria isipoijua mbao uko mbali na kwetu. Novemba 25, 2022 moto uligunduliwa katika dampo la binafsi karibu na mji wa Moody, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, eneo lililokuwa likipokea miti, matawi na mabaki mengine ya mimea. Moto ulishuka chini ya lundo na kuendelea kwa miezi, na moshi wake ulifika hadi jiji la Birmingham. Idara ya mazingira ya jimbo ilieleza kwamba sheria haikuipa mamlaka juu ya madampo ya mabaki ya mimea kama iliyonayo juu ya taka nyingine. Majuma yakapita huku ngazi mbalimbali za serikali zikitafuta nani mwenye wajibu na nani mwenye fedha, na wakazi wakiendelea kuvuta moshi. Ilipofika Januari 2023, Gavana Kay Ivey alitangaza hali ya dharura yenye mipaka, na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani likachukua kazi hiyo, likaufunika moto kwa udongo. Vipimo vya hewa vilionyesha benzini na kemikali nyingine, na ikawa dhahiri kwamba eneo lililohesabiwa kuwa la miti mitupu lilikuwa limepokea pia taka zisizo za mimea.

Ninaomba msomaji asiutazame mfano huo kama hadithi ya uzembe wa Wamarekani. Ni nchi yenye maabara, fedha na wanasheria wa kutosha. Kilichokosekana ni kitu kidogo zaidi: kundi moja la taka liliachwa nje ya uzio wa udhibiti kwa imani kwamba halina madhara, na kwa kuwa liliachwa nje, hapakuwa na masharti ya urefu wa lundo, hapakuwa na mkaguzi wa kudumu wa kuhakikisha kinachoingia getini ni mbao tu, na moto ulipotokea hapakuwa na ofisi iliyoweza kusema bila kusita kwamba kazi hiyo ni yake. Pengo la mamlaka lilikuwepo tangu siku lori la kwanza lilipomwaga. Moto ulilianika tu.

Kwetu pengo hilo halimo katika maandishi ya sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, inatambua kanuni ya mchafuzi kulipa, na inaruhusu kutolewa kwa amri ya kurejesha mazingira dhidi ya aliyeyaharibu. Imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka katika maeneo yao na kulikabidhi Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, jukumu la ukaguzi na utekelezaji. Kanuni za mwaka 2007 zimeweka viwango vya ubora wa hewa, maji na udongo. Kanuni za usimamizi wa taka ngumu za mwaka 2009 zimeweka utaratibu wa vibali, na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zimepanga miradi katika makundi kulingana na uzito wa athari zake. Ukiongeza Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, huwezi kusema kwamba mkaguzi wa Dar es Salaam hana silaha mkononi.

Pengo letu liko katika namna malundo haya yanavyozaliwa. Mtu ana kiwanja kilicho bondeni, au shimo lililoachwa na wachimba mchanga na kokoto, naye anataka kukiinua ili siku moja ajenge au auze. Anawaambia madereva wamwage kifusi. Kifusi kikiwa adimu anapokea vipande vya mbao, maranda, mbao za kupaulia zilizovunjwa, fremu za milango, makochi yaliyokufa. Hajaomba kibali cha dampo kwa sababu machoni pake, na pengine machoni pa serikali ya mtaa wake, hana dampo. Ana kiwanja kinachojazwa. Mbao zinapooza na kushuka, anaongeza nyingine. Moto unapotokea, mkaguzi anakuta hakuna sharti lililokiukwa, kwa sababu hakuna sharti lililowekwa. Kinachobaki ni kosa la jumla la kuchafua mazingira, ambalo humalizika kwa faini, na faini ikilipwa kila upande unahisi umetimiza wajibu wake. Ni hapo ninapoona jambo hili linaeleweka vibaya zaidi. Faini ni adhabu ya kilichopita, wala haimlazimishi mtu kupunguza urefu wa lundo hata kwa sentimita moja. Chombo kinachotazama mbele ni amri ya kurejesha mazingira, yenye hatua, tarehe na jina la anayewajibika, na kibali kipya chenye masharti ambayo yanaweza kupimwa.

Dar es Salaam ina historia inayopaswa kutuongoza katika hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kuendelea kutumia eneo lao kama jalala, wakilalamikia harufu, inzi na moshi wa taka zilizokuwa zikiungua. Walishinda. Halmashauri iliomba kuongezewa muda zaidi ya mara moja, hadi Jaji Lugakingira alipokataa kuipa ruhusa ya kuendelea kuhatarisha maisha ya watu, akiitegemeza hoja yake kwenye haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Wanasheria wa mazingira katika Afrika Mashariki bado wanaisoma kesi hiyo. Kinachonivutia mimi zaidi ni kilichofuata. Taka zilihamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani na kushinda mwaka 1991. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi. Mahakama iliweza kusimamisha umwagaji mahali pamoja, lakini haikuweza, na haikuwa kazi yake, kuandaa mahali pengine panaposimamiwa vizuri. Nitairudia historia hii chini, kwa sababu ndiyo msingi wa pingamizi lenye nguvu kuliko yote dhidi ya ninachokisema.

Lakini nianze na pingamizi dhaifu, ambalo kwa bahati mbaya ndilo linalosikika zaidi: kwamba mbao ni mti, mti ni kitu cha asili, na kitu cha asili hakihitaji ukali wa kisheria. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kidogo kama lundo la leo lingekuwa la mninga na mvule mtupu. Halipo hivyo. Nenda karakana yoyote ya makabati na uangalie kinachofagiliwa jioni: vipande vya MDF (mbao za unga uliobanwa) na plaiwudi vilivyoshikizwa kwa gundi zenye fomaldehaidi, mbao zilizopakwa vanishi na rangi, sponji na vitambaa vya makochi. Kuna pia mabaki ya nguzo na mbao za kijani zilizotiwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki ili zisiliwe na mchwa. Mbao hiyo ikiungua, sehemu ya aseniki hupanda na moshi, na inayobaki hujikusanya katika majivu, mahali ambapo mtoto hucheza na mama huchota majivu ya kusugulia sufuria. Hata mbao isiyo na dawa yoyote, inapofukuta kwa joto dogo na hewa haba, hutoa kaboni monoksidi na chembechembe laini kwa wingi kuliko inapowaka vizuri. Shirika la Afya Duniani lilishusha mwaka 2021 kiwango cha mwongozo cha chembechembe hizo hadi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na mtu aliye chini ya upepo wa lundo linalofukuta hana haja ya kipimo kujua kwamba kiwango hicho kimepitwa. Maji nayo yanahusika. Mvua au boza linapopita katikati ya mbao zilizooza na kuungua, hutoka maji ya rangi ya chai ya rangi yenye tanini na vitu vinavyokula oksijeni ya mto, na katika jiji hili mteremko mwingi unaishia Msimbazi, Mzinga au baharini. Uasili wa mti hauna la kusema mbele ya mambo haya.

Pingamizi la pili lina haki zaidi ndani yake. Mwenye eneo husema kwamba yeye ni mhanga: moto uliwashwa na watu wasiojulikana, au na vijana waliokuwa wakichoma nyaya ili wapate shaba, naye amepoteza mali na sasa anaongezewa mzigo wa masharti. Ninaamini kwamba mara nyingine hiyo ndiyo kweli. Ila masharti ya usalama hayatolewi kwa kuuliza nani aliwasha. Yanatolewa kwa kuuliza kwa nini cheche moja iliweza kuteketeza eneo zima. Wakala wa mazingira wa England, katika mwongozo wake wa mipango ya kuzuia moto kwenye maeneo ya taka, unaweka kimo cha lundo kisichozidi mita 4, urefu au upana usiozidi mita 20, na nafasi ya mita 6 kati ya lundo na lundo, kwa lengo kwamba moto wowote uweze kuzimwa ndani ya saa 4. Sisemi tuziige namba hizo kama zilivyo. Lengo lililo nyuma yake ndilo la kuiga. Lundo linapaswa kuwa na ukubwa ambao kikosi cha zimamoto kilichopo, chenye magari kiliyonayo na maji yanayopatikana karibu, kinaweza kulimaliza. Kwa Dar es Salaam, ambako maeneo mengi ya pembezoni hayana bomba la zimamoto la kufungulia maji na boza hulazimika kwenda kujaza mbali, mantiki hiyo ingetupeleka kwenye malundo madogo kuliko ya England, na hapo ndipo ofisa wa kinga na tahadhari za moto anapopaswa kuwa na sauti kabla ya kibali kutolewa, asiitwe tu namba 114 inapopigwa.

Sasa pingamizi la tatu, ambalo sina jibu jepesi kwalo. Linasema hivi: ukiyabana maeneo machache yanayojulikana, hutapunguza mabaki ya mbao, utayatawanya. Seremala mdogo asiyeweza kulipia ada ya geti atayachoma usiku nyuma ya karakana, au atamlipa mwenye guta akayatupe kwenye kingo za mto. Nimewahi kuishi jirani na mafundi seremala na ninaujua moshi huo wa jioni. Hauna mkaguzi wala kibali, na unaingia moja kwa moja katika vyumba vya wapangaji. Safari ya taka kutoka Tabata hadi Pugu Kinyamwezi inaliunga mkono pingamizi hili: ukali bila mbadala huhamisha tatizo kutoka kwa mwenye sauti kwenda kwa asiye na sauti. Ninalikubali. Ninachokikataa ni hitimisho linalotolewa kutokana nalo, kwamba basi tulegeze. Ukali uelekezwe kwa anayelimbikiza, na wepesi uelekezwe kwa anayezalisha. Mwenye eneo linalopokea mabaki ya karakana nyingi ana mapato, ana geti na ana ardhi. Huyo anaweza kubeba masharti. Fundi mwenye benchi moja anahitaji kitu kingine kabisa: mahali pa karibu pa kupeleka mabaki yaliyochambuliwa bila kulipia, na sababu ya kuyachambua.

Na sababu ya kuyachambua ipo, ingawa haijapangwa. Maranda safi tayari yana soko kwa wafugaji wa kuku, wanaoyatandaza bandani. Vipande safi vilivyosagwa vinaweza kuchanganywa na taka za sokoni ili kutengeneza mboji, na Kinondoni ina kiwanda cha mboji pale Mabwepande kinachotuonyesha kwamba taka za kuoza zinaweza kuwa na njia nyingine. Kinachoharibu njia zote hizi ni kuchanganya. Unga wa MDF ukiingia kwenye gunia la maranda, mfugaji amenunua gundi na fomaldehaidi ya kumlazia kuku. Kipande kimoja cha nguzo ya kijani kikiingia kwenye mashine ya kusaga, mboji imebeba aseniki hadi kwenye bustani ya mchicha. Uchambuzi ni lazima ufanyike karakanani, fundi angali anaijua mbao aliyoikata. Ukifika dampo umechelewa. Kwa hiyo kila tani inayochambuliwa Keko ni tani isiyofika kwenye lundo, na huo ni udhibiti wa moto wa bei nafuu kuliko gari lolote la zimamoto.

Turudi basi kwenye lundo ambalo limeshaungua, na tuulize amri nzuri ingesemaje. Kwanza ingefunga geti kwa mabaki mapya, maana kumwaga mbao mpya juu ya kiini ambacho hakijapoa ni kukilisha. Ingemtaka mwenye eneo aeleze kwa maandishi lundo lina nini ndani, kwa kuchimba na kuangalia, wala si kwa neno lake tu, kwa sababu eneo likigundulika kuwa na matairi, nyaya au nguzo za dawa linabadilika hadhi kisheria. Ingetaka joto lipimwe ndani ya lundo, kwa vipimajoto virefu vinavyofika kwenye kiini katika sehemu nyingi, pamoja na kaboni monoksidi, ambayo ni dalili ya mapema kwamba huko chini kuna kinachofukuta. Picha za joto zinazopigwa na ndege nyuki zinasaidia kuchagua pa kuchimba, ila zinaona ngozi ya juu tu na hazipaswi kuchukuliwa kama ushahidi wa kupoa. Vipimo hivyo viendelee hadi masika ipite na kiangazi kinachofuata kiingie, kwa kuwa mvua inaweza kuficha joto kwa miezi, na unyevu inaouacha ndani ni chakula kipya cha bakteria. Majivu na maji yanayochuruzika yapimwe dhidi ya viwango vya mwaka 2007 kabla ya kuhamishwa popote, isije ikawa majivu ya lundo yanauzwa kama kifusi cha kujengea msingi wa nyumba ya mtu mwingine. Na matokeo yote yabandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa kila yanapotolewa, kwa Kiswahili na kwa namba, kwa sababu wanaoishi jirani ndio wakaguzi pekee wanaolala pale.

Wapo watakaosema hayo ni mengi kwa halmashauri yenye maofisa mazingira wachache. Ni kweli kwamba ni mengi, na ndiyo sababu gharama haipaswi kuwa ya halmashauri. Sheria yetu inaitambua dhamana ya utendaji wa kimazingira: fedha au ahadi ya benki inayowekwa kabla ya shughuli kuanza, inayoweza kuchukuliwa endapo mwendeshaji atashindwa kurejesha eneo. Kwa dampo la mbao, kiwango cha dhamana hiyo kinaweza kukadiriwa bila ufundi mkubwa: ni gharama ya kukodi vijiko, maboza na malori ya kuliondoa lundo lote likiwa limeungua nusu. Mwendeshaji anayeona kiwango hicho ni kikubwa mno ana njia rahisi ya kukipunguza, nayo ni kuwa na lundo dogo. Ninaona hapa ndipo sheria inapoweza kufanya kazi bila mkaguzi kusimama getini kila siku, kwa kuwa urefu wa lundo unageuka kuwa fedha ya mwenye lundo. Bila dhamana, hesabu inakwenda kinyume: anayelimbikiza anavuna ada ya kila kirikuu, na siku ya moto anaacha eneo, namba yake ya simu haipatikani, na kodi ya wananchi inalipia maji.

Limebaki suala la nani hasa atoe na kusimamia amri hizi. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na inaongozwa na halmashauri tano, Jiji la Dar es Salaam lililokuwa Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Tangu Februari 2021, ilipovunjwa halmashauri ya jiji iliyokuwa juu yao, hakuna halmashauri moja inayolitazama jiji lote. Mabaki yanayozalishwa Temeke yanaweza kumwagwa Ilala, yakafuka juu ya Ubungo na kuchuruzika hadi Kinondoni, na kila halmashauri ikawa na sababu nzuri ya kusubiri mwenzake. Ni picha ileile ya Alabama, ngazi nyingi zenye mamlaka kiasi na hakuna yenye mamlaka kamili. NEMC ndiyo yenye uwezo wa kuvuka mipaka hiyo, lakini haiwezi kuvuka kwenda kwenye eneo isilolijua. Kwa hiyo kazi ya kwanza, inayoweza kuanza kiangazi hiki bila sheria mpya wala mkopo, ni kila halmashauri kuandikisha kila kiwanja kinachopokea mabaki ya mbao ndani ya mipaka yake, iwe kinaitwa dampo au kinaitwa kiwanja kinachojazwa, pamoja na jina la mwenye nacho, urefu wa lundo na umbali wa nyumba ya karibu, na kulikabidhi daftari hilo kwa NEMC na kwa Kamanda wa Zimamoto wa mkoa.